Alama Tatu Shingoni mwa Ufunguo

Wenzangu mliobaki kwenye vibanda vya soko la Kibuye, siku mliyoniaga mlinivika kofia mpya, mkanipigia makofi, kisha mkaniomba niwaandikie ninayoyajua kuhusu funguo za magari, hasa namna ya kumpatia mtu ufunguo wa spea bila kumfilisi. Nilikubali upesi, maana nilikuwa na soda mkononi na kila mtu alikuwa akinitazama. Leo ni siku ya nne nimekaa mezani, na kila nikishika kalamu naona aibu. Nitawaeleza kazi kwanza, halafu nitaeleza aibu yenyewe, kwa sababu katika maisha yangu zilikuja kwa mpangilio huo.

Nilifundishwa na Mzee Shaabani, ambaye wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa Mwislamu wa hapa mjini Kisumu. Babu yake alitoka pwani akifuata reli, mama yake alikuwa Mluo wa Kano, na yeye alizungumza Kiswahili na Kiluo kwa sauti ile ile ya chini. Kibanda chake kilikuwa na jiliwa moja la kubania chuma, tupa sita na kiti kimoja, na kiti hicho kilikuwa cha mteja. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka kufukuzwa dukani nilikokuwa nikipima mchele, kwa kosa la kupima kwa ukarimu. Siku ya kwanza alinipa kufuli na ufunguo wake na kipande cha shaba, akaniambia nitengeneze ufunguo wa pili. Nilimaliza saa kumi jioni. Aliutia kwenye kufuli, ukaingia vizuri, ukagoma kutoka.

"Owino," akasema, "hii kufuli ni ya choo changu. Kesho kuja na ingine."

Wakati huo tupa ndiyo iliyokuwa mashine yetu. Alinifundisha kuisukuma mbele tu, kamwe nisiivute nyuma nikiwa nimeikandamiza, na kuhesabu mikwaruzo kimoyomoyo ili jino la pili lisizidi la kwanza. Alinifundisha kupaka ufunguo usiokatwa moshi wa koroboi, kuutia ndani ya kitasa, kuutikisa kidogo, na kuutoa nikatazame pale moshi ulipofutika. Pale ndipo pa kukata. Nyinyi mna mashine inayokata ufunguo kabla chai haijapoa, na sioni wivu. Lakini umeme ukipotea mnakaa mkitazama simu, na mzee yule angekuwa anafanya kazi.

Alinifundisha pia mambo mawili ambayo ndiyo yatakayonihukumu katika maandishi haya. La kwanza ni yale maswali yake matatu. Mtu akija kutaka ufunguo wa gari, mwambie akuonyeshe gari, akuonyeshe kitabu cha gari, akuonyeshe kitambulisho. "Hata kama ni mjomba wako," alisema. Na kweli mjomba wangu alikuja, akaulizwa, akanuna miezi minane.

La pili ni alama. Kila ufunguo uliotoka mikononi mwake aliukata mkato mmoja mdogo shingoni, chini kidogo ya kichwa, kwa ncha ya tupa. Nilipofuzu alinipa mimi mikato mitatu. Nilidhani ni ya kujitangaza, nikafurahi kuwa mimi nina mitatu na yeye mmoja. Akanirekebisha. "Hii si ya kujivunia. Ni ya kukushika. Mteja akirudi na ufunguo mbaya, huwezi sema si wewe." Niliitikia ndiyo, kama mtu anavyoitikia jambo ambalo hadhani litamhusu.

Baadaye yakaja magari ya Kijapani yenye funguo zenye chipu, na hapo wengi wetu tuliumbuka. Gari la kwanza la namna hiyo lilikuwa la mchungaji mmoja wa Kondele. Nilikata ufunguo mzuri kuliko wote niliowahi kukata. Ulizunguka bila shida, gari likawaka, likazima. Nikaukata upya. Likawaka, likazima. Siku ya tatu mchungaji aliliombea akiwa amelaza mkono juu ya boneti, nami nikasema amina kwa sauti kubwa, maana sikuwa na njia nyingine. Ni fundi wa redio jirani aliyevunja kichwa cha plastiki cha ufunguo wa asili na kunionyesha kitu kidogo cheusi kama punje ya mtama. "Gari inauliza hii kwanza," akasema, "ndio ikubali yako."

Basi hili ndilo mliloniuliza, na sikilizeni vizuri. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kunakili. Mteja anakuja na ufunguo wake, mashine inasoma chipu, unaandika yale yale kwenye chipu nyingine, na gari halitambui tofauti. Kwake huo ni ufunguo ule ule. Ni njia nafuu, na gari si lazima liwepo. Njia ya pili ni kulisajilia gari ufunguo mpya. Hapo gari lenyewe lazima liwe mbele yako, na ukiwa unasajili unaweza kufuta funguo zote za zamani, hata ule uliopotea sokoni ukawa kipande cha chuma tu. Mteja aliyepoteza ufunguo mfanyieni njia ya pili hata akilalamika. Na kila mwenye ufunguo mmoja mwambieni atengeneze wa spea leo, akiwa bado na huo mmoja mkononi, kwa sababu akiupoteza tutaanzia gizani, na giza ni ghali. Nimewaambia watu hivyo maisha yangu yote. Nusu yao walirudi wakiwa wamevutwa na trekta.

Kuhusu rimoti, msiwe na haraka ya kuuza mpya. Mara nyingi ni betri. Kama si betri, ni mpira wa kitufe umelika, na mkibadilisha ganda tu mteja atawaombea dua. Ila mkihamisha vitu kwenye ganda jipya, kumbukeni kuing'oa chipu iliyojificha kwenye kona ya lile la zamani. Mimi niliwahi kuitupa pamoja na ganda, na nikatumia alasiri nzima nikipekua jaa la soko. Na kuna mwenye mashua mmoja wa Dunga aliyeangusha rimoti yake majini, akaipata, akaianika juu ya wavu pamoja na omena, dagaa wa ziwani, kwa siku mbili. Ilifanya kazi. Lakini kila niliposhika gari lake baadaye, paka wa Kibuye walinifuata hadi kibandani.

Kitu kimoja nilikibuni mwenyewe, nanyi mlikisifu mlipokuwa mkiniaga. Ni lile daftari langu la jalada jeusi. Kila ufunguo niliotengeneza niliandika namba yake, namba ya gari, jina la mwenyewe na simu yake, na nakala ya chipu nikaihifadhi kwenye kompyuta. Mteja wangu akipoteza funguo zote akiwa Muhoroni au Bondo, alikuwa ananipigia simu tu, ninamkatia mwingine bila kuliona gari na bila yeye kulipa mtu wa kulivuta. Nilijiona mjanja. Sasa najua nilikuwa nimeweka magari ya watu wote hao kwenye droo isiyo na kufuli, na mlinzi wa droo alikuwa mimi.

Ukurasa mmoja wa daftari hilo una jina la Okumu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Rarieda, mtu mpole mwenye suruali zilizopigwa pasi hadi mstari ukasimama. Alikuja na gari lake jeupe, steshen wagon, pamoja na mkewe, Mama Apiyo. Kwa kweli gari lilikuwa la kazi ya mama. Alikuwa ananunua samaki Asembo Bay alfajiri, anawapakia kwenye masanduku ya barafu, na kuwapeleka Kisumu, na siku za mishahara hadi Muhoroni kwa watu wa kiwanda cha sukari. Lilikuwa na ufunguo mmoja tu. Niliuliza maswali yangu matatu, nikajibiwa yote, nikawatengenezea wa spea. Mama Apiyo aliupokea, akaugeuzageuza, akaona ile mikato mitatu.

"Fundi, mbona umeuma ufunguo yangu?"

Nilimweleza maana yake, maneno yale yale ya Mzee Shaabani. Alicheka sana. "Kwa hivyo hii ni meno yako. Ukikataa, nakuonyesha meno."

Miaka miwili ikapita. Siku moja saa nne asubuhi alikuja mwanamume mwenye koti na utepe mweusi kifuani, akifuatana na wazee wawili. Alijitambulisha kuwa anaitwa Ouma, mdogo wake Mwalimu Okumu. Akaniambia Mwalimu amefariki juzi hospitalini, baada ya kuugua wiki mbili. Nilikuwa nampenda yule mwalimu.

"Pole sana, bwana," nikasema. "Na mama?"

"Mama yuko kwa nyumba na wanawake, ameketi chini. Ndiyo maana tumekuja. Gari inahitajika kubeba hema na wageni, na funguo ziko na yeye. Sasa nani ataingia pale aanze kumsumbua mama na maneno ya ufunguo?"

"Haiwezekani," akasema mmoja wa wazee. "Mtu amefiwa."

"Marehemu alikuwa ameniambia wewe huwa unaweka namba kwa kitabu," Ouma akasema. "Tusaidie, Jaduong', mzee wetu. Ni ya matanga tu."

Nyinyi ni watu wa huku, mnajua. Mtu akija na utepe mweusi na wazee wawili, humwambii alete kitabu cha gari. Kamati ya mazishi ikiomba sufuria unatoa sufuria, ikiomba ng'ombe unatoa ng'ombe. Na kumpigia simu mjane siku ya pili ya msiba, kumuuliza habari za ufunguo wa gari, ni kukosa adabu kusikosameheka. Namba yake ilikuwa palepale kwenye ukurasa, mbele ya macho yangu. Sikuipiga kwa heshima. Huo ndio ukweli wangu wote wa siku ile, nao haunisaidii kitu.

Juu ya kichwa changu, ukutani, kulikuwa na kibao nilichokiandika kwa mkono wangu nilipochaguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha mafundi: HAKUNA KITABU, HAKUNA UFUNGUO. Mzee mmoja alikisoma huku akingoja. Nilikata ufunguo, nikaandika chipu, na mkono ukaweka mikato mitatu bila mimi kuuamuru. Ouma alipoingiza mkono mfukoni nilimkataza. Nikamwambia huo ndio mchango wangu wa matanga. Akanishukuru sana, akasema jina langu litasomwa siku ya mazishi.

Nilikwenda mazishini. Lile gari jeupe lilikuwa likienda na kurudi na viti, nikaona raha moyoni kwamba nimefaa. Wakati wa kusoma michango nilijiweka sawa kwenye kiti. Wakasoma waliotoa sukari, waliotoa kuni, hata aliyetoa debe la chumvi. Jina langu halikusomwa. Niliondoka nimenuna, nakiri, nikiona nimedharauliwa. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini Ouma hataki ijulikane kwamba ule ufunguo umetengenezwa wiki ile. Mimi nilikuwa nasikitikia jina langu.

Wiki tatu baadaye Mama Apiyo alikuja kibandani. Amevaa nguo nyeusi, amekonda. Alikaa kwenye kiti cha mteja, chini ya kile kibao, akanisimulia. Siku ya nne baada ya mazishi Ouma aliondoka na gari hakurudi nalo. Alipoulizwa, alitoa ufunguo mfukoni mbele ya watu wa ukoo, akasema kaka yake alimkabidhi kwa mkono wake akiwa kitandani hospitalini, akamwambia gari ni lake. Shauri limepelekwa kwa chifu wa kwao, litasikizwa Ijumaa.

"Funguo za ile gari ni mbili, Fundi," akasema. "Zote niko nazo. Hii hapa, na hii. Hiyo ya tatu imetoka wapi? Kama ilitengenezwa baada ya baba kufa, basi baba hakumpea mtu kitu. Nimekuja kukuuliza wewe. Ni wewe ulitengeneza?"

Aliniuliza polepole, akinitazama usoni. Sikuhitaji hata dakika. Niliona chifu akiniuliza mbona ulimtengenezea mtu ufunguo wa gari la marehemu bila kitabu. Niliona polisi, niliona kibanda kimefungwa, niliwaona nyinyi mkikisoma kile kibao na kucheka. Mdomo wangu ukajibu kabla sijauambia.

"Hapana, Mama. Si mimi."

"Adier?" akauliza. Kweli?

"Kweli, Mama. Mafundi ni wengi siku hizi."

Alizifunga funguo zake kwenye leso, akanishukuru, akasimama. Mlangoni aligeuka. "Ijumaa saa tatu, kwa chifu. Kama utakumbuka kitu, njoo."

Ijumaa ile nilikwenda Muhoroni. Kulikuwa na trekta la miwa lililovunjikiwa na ufunguo ndani ya swichi, kazi ambayo nilikuwa nimeikataa siku mbili kabla kwa sababu ya umbali. Asubuhi ile nilimpigia mwenyewe nikamwambia nakuja. Nilikichomoa kile kipande kwa msumeno mwembamba na uvumilivu, dereva akanisifu, tukanywa chai. Saa tatu ilipofika nilitazama saa yangu. Saa nne nikaitazama tena. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri, na nilichofikiria ni ile swichi.

Nilisikia matokeo kutoka kwa muuza samaki. Mama Apiyo alikuwa amewaonyesha funguo zake mbili, akasema wa tatu umetengenezwa baada ya kifo. Akaulizwa nani aliutengeneza, na kama fundi huyo yupo aseme. Hakukuwa na fundi. Gari likabaki kwa Ouma. Mama Apiyo akapewa onyo kwa kumsingizia shemeji yake uongo kaburi likiwa bado bichi. Hilo ndilo lililonichoma, na bado linanichoma. Gari ni bati na mpira. Lakini kuanzia siku ile, huko kwao, mama yule aliitwa mwongo, naye ndiye peke yake katika shauri lile aliyekuwa akisema kweli.

Mngetegemea asinione tena. Lakini kabla mwaka haujaisha alikuja mteja wa kwanza, dereva kutoka Asembo. "Nimetumwa na Mama Apiyo," akasema. "Amesema wewe ndiye fundi wa funguo. Na anakusalimia." Moyo ulinipasuka, kisha ukatulia, na nitawaambia kwa nini ulitulia: nilijiambia, kumbe hajui. Kama angejua angenitumia wateja? Nikamtengenezea yule dereva spea kwa nusu ya bei. "Mwambie Mama nimeshukuru," nikasema.

Wakaendelea kuja. Mwenye pikipiki tatu wa Ndori, nesi, mwalimu mkuu, vijana waliopoteza rimoti ziwani. Kila mmoja: Mama Apiyo anakusalimia. Wote niliwapunguzia bei, na kwenye daftari nikawawekea kinukta pembeni ya majina yao. Mlikuwa mkinitania kwamba watu wa Asembo wameniloga. Ndiyo maana Owino akajulikana kwa ufunguo nafuu upande ule wote wa ziwa. Mlidhani ni moyo mwema. Nilikuwa nanunua usingizi. Miaka tisa niliununua, na nilikuwa naupata kidogo kidogo.

Kisha macho yangu yakaanza kufifia, nikaona ni vyema nistaafu kabla sijamkata mtu kidole. Mlipoomba daftari lile libaki chamani kwa faida ya wote, nililifungua nyumbani kulikagua. Nikahesabu vinukta. Vilikuwa thelathini na saba. Nikafika kwenye ukurasa wa Okumu, na pale chini ya kazi ya kwanza kulikuwa na mstari wa pili kwa mwandiko wangu: ufunguo wa tatu, kwa matanga, bila malipo. Nilikuwa nimeandika hadi siku. Kwa miaka yote hiyo ushahidi aliouhitaji mama yule ulikuwa kwenye droo yangu, futi mbili kutoka kile kiti alichokalia.

Jumanne iliyopita nilikwenda Asembo Bay. Nilimkuta kwenye banda lake karibu na ufuo, anapanga samaki aina ya ngege kwenye sanduku la barafu, na Apiyo, binti yake, ambaye sasa ni mtu mzima, anapima kwenye mizani. Mama amenenepa kidogo, amepata mvi. Shingoni alikuwa na kamba yenye funguo. Aliponiona aliifuta mikono kwenye aproni.

"Fundi. Umezeeka."

"Nimezeeka, Mama. Nimestaafu."

"Karibu. Kaa hapo kwa kreti."

Nilikaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nilipotoka nyumbani, yakanipotea yote. Nikatoa daftari, nikalifungua kwenye ukurasa ule, nikamwekea mapajani. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Mama, ule ufunguo ni mimi niliutengeneza," nikasema. "Nilikudanganya. Niliogopa. Ijumaa ile nilijificha Muhoroni."

Hakushtuka. Aliivua ile kamba shingoni. Kulikuwa na ufunguo wa kufuli la sanduku, na pembeni yake funguo mbili za lile gari, mmoja ukiwa na mikato yangu mitatu, umeng'aa kwa kuguswa.

"Nilijua," akasema. "Siku ya tatu ya matanga Ouma aliweka ufunguo yake kwa meza akinawa mikono. Niliishika. Niliona meno yako."

"Kwa hiyo siku ile uliyokuja kuniuliza..."

"Nilikuwa najua. Sikuja kuuliza nijue. Nilikuja ukubali. Nilionyesha wazee hizo alama, wakasema mtu yeyote ana tupa anaweza kata hivyo. Walitaka mdomo ya fundi."

"Na gari?"

"Iko kwa Ouma. Kuku wanataga ndani."

Mashua moja ilikuwa ikiteremsha samaki, watu wakipiga kelele za bei. Niliuliza lile lililobaki. "Basi kwa nini ulinitumia wateja, Mama? Thelathini na saba nimewahesabu. Kwa nini?"

"Niliwatumia na salamu," akasema. "Wewe ulisikia wateja tu. Mtu akikusalimia si unajibu? Nilisema, huyu akisalimiwa mara ya kwanza, ataona haya aje. Hukuja. Nikatuma mwingine. Wakirudi wananiambia, Fundi amepunguza bei sana kwa sababu yako. Nikasema, ai, kwani mimi nilimuuliza bei?"

Nimeaibika mara nyingi maishani, kuanzia kile choo cha Mzee Shaabani, lakini sijawahi kuona aibu iliyokaa kimya hivyo ikinitazama bila hasira. Nilimwambia niko tayari kwenda kwa chifu, kwa wazee, kwa Ouma mwenyewe, na daftari langu mkononi. Akasema tutakwenda, Ijumaa, saa tatu, na safari hii nisiende kung'oa funguo za trekta. Kwa hiyo daftari hamlipati. Litabaki kwake hadi shauri liishe, na baada ya hapo nitalichoma. Nakala za chipu zilizokuwa kwenye kompyuta nimeshazifuta, nanyi mkifanya kazi hii msihifadhi funguo za watu kwa namna yoyote, hata mkijiona waaminifu. Kile kibao kishusheni kama hamwezi kumsomea mtu aliyevaa utepe mweusi.

Nilidhani tumemaliza, nikainuka. Mama Apiyo alinishika mkono wa shati.

"Bado," akasema. Akamgeukia binti yake kwenye mizani. "Apiyo, wacha hiyo samaki. Kuja hapa."

Apiyo alikuja, mikono inadondoka maji. Nilimkumbuka akiwa na sare ya shule siku ya mazishi. Ni yeye aliyekwenda shuleni miaka yote ile akiitwa mtoto wa yule mama mwongo.

"Rudia," Mama akaniambia. "Sema yote, na usiseme chini chini."

Kwa hiyo nilisimama pale kati ya masanduku ya barafu, wauzaji wengine wamenyamaza wanasikiliza, nikamwambia: "Baba yako hakumpa mtu yeyote ufunguo wa lile gari. Mimi ndiye niliyeutengeneza, siku mbili baada ya yeye kufa. Mama yako alisema kweli."